Ubalozi si viza tu: jinsi vizuizi vya biashara vinavyoondolewa

Wengi wetu tukisikia neno ubalozi tunafikiri juu ya viza: mstari mrefu, picha mbili, na mara nyingi jibu la hapana. Lakini katika balozi nyingi kuna ofisi nyingine ambayo watu wetu hawaifahamu. Hapo hukaa afisa wa mambo ya biashara, na kazi yake inagusa kahawa ya Kalehe, kakao ya Beni na hata unga wa sahani zetu. Tumeona vema kuieleza, kwa sababu kati yetu kuna wakulima na wachuuzi wengi ambao mzigo wao hukwama, nao hawajui wamwambie nani.

Kazi hii inatoka wapi?

Mapatano ya Vienna ya mwaka 1961 ndiyo yanayoongoza kazi za balozi. Kifungu cha 3 kinasema kwamba kukuza uhusiano wa uchumi kati ya nchi mbili ni sehemu ya kazi hiyo. Kifungu cha 42 nacho kinamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara kwa faida yake mwenyewe katika nchi aliyotumwa. Tukumbuke jambo hilo: afisa huyu hutumikia wafanyabiashara wa nchi yake, lakini si mshirika wao. Akidai sehemu ya faida, ameiacha kazi yake.

Ushuru si kizuizi pekee

Nchi yetu imo katika Shirika la Biashara la Dunia tangu mwaka 1997. Tena, kwa mpango ulioanza mwaka 2001, Umoja wa Ulaya unapokea bila ushuru bidhaa za nchi maskini zaidi, isipokuwa silaha. Kongo imo. Basi kwa nini gunia linakwama?

Linakwama kwa sababu ya masharti mengine: kipimo cha sumu ya ukungu, hati ya afya ya mimea, maandishi kwenye mfuko. Mfano ulio karibu nasi ni sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu. Inahusu kahawa, kakao, mbao, mawese na mazao mengine. Muuzaji atatakiwa kuonyesha kwamba zao halikutoka kwenye shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kutoa alama za ramani za kila shamba.

Kusudi la kulinda msitu ni jema. Lakini fikirieni koperative yenye wanachama mamia, kila mmoja na kipande kidogo mlimani, wengine bila simu yenye kupima mahali. Mkulima anaweza kuwa hajakata hata mti mmoja, na kahawa yake ikakataliwa kwa kukosa karatasi.

Afisa anafanya nini hasa?

Kwanza, anasikia mapema. Nchi wanachama wa Shirika la Biashara la Dunia zinapaswa kutangaza masharti mapya yanayoweza kuzuia biashara kabla hayajaanza, na kuwapa wengine nafasi ya kutoa maoni. Afisa mwangalifu husoma matangazo hayo na kuwaonya watu wa nyumbani. Asiposoma, habari huwafikia siku mzigo umekwisha kufika bandarini.

Pili, anauliza: shamba dogo litapimwaje? Nani atalipa? Nchi nyingi zinazolima zilipeleka malalamiko yao Brussels juu ya sheria hiyo ya misitu, na tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja. Sheria haikufutwa, lakini muda wa kujiandaa umeongezeka.

Tatu, anapatanisha kabla hasira haijafunga njia. Mwezi wa Agosti 2024, baada ya Kongo kukataza vinywaji fulani kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka wake nasi, pamoja na Kasumbalesa. Malori yalisimama, na shaba na unga wa mahindi vinapita hapo. Siku chache baadaye, wajumbe wa nchi zote mbili walizungumza na mpaka ukafunguliwa. Ugomvi ulianza kwa chupa za bia na soda, lakini ulitishia sahani ya watoto wa Lubumbashi.

Yasiyowezekana

Ubalozi hauwezi kuvunja sheria ya nchi nyingine, kulipa deni lako, wala kukuamulia kesi. Hauwezi kusimamisha vita wala kutengeneza barabara. Tena ubalozi wetu ulioko nje hauondoi malipo mengi yanayodaiwa hapa kwetu, kutoka shambani hadi mpakani. Hayo yanapaswa kupelekwa kwa wizara na kwa wakubwa wa jimbo. Nazo balozi za kigeni zilizoko Kinshasa hutetea kwanza bidhaa za nchi zao. Hilo si kosa, ndiyo kazi yao. Lakini afadhali tulijue tunapozungumza nao.

Tufanye nini?

Afisa hawezi kusaidia neno la jumla kama "wanatusumbua". Koperative iandike barua fupi yenye mambo haya: aina ya bidhaa na namba yake ya forodha (ya kahawa huanza na 0901), kilo ngapi, tarehe, mahali mzigo ulipozuiwa, sharti lililotajwa, na nakala za risiti na za jibu la kukataliwa. Barua ipelekwe kwa wizara ya biashara ya nje na nakala kwa ubalozi wetu katika nchi ile. Ikiwa koperative tatu zimepata shida moja, ziandike pamoja.

Na tusingoje kukataliwa. Katika parokia nyingi kuna vijana wenye simu nzuri na wazee wanaojua mipaka ya kila shamba. Wakitembea pamoja wiki chache, mashamba ya kijiji yataandikwa. Siku afisa atakapoulizwa ushahidi mezani, hatakuwa na mikono mitupu.