Vifaru vya plastiki: mali iko kwenye kalibu

Wapo watu wazima wenye mishahara yao wanaonunua kifaru cha kivita kikiwa vipande vipande ndani ya boksi, wakakiunganisha kwa gundi na kukipaka rangi wenyewe. Kifaru halisi cha meta 7, kikipunguzwa mara 35, hubaki sentimeta 20. Kipimo hicho hakikutoka jeshini. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipounda kifaru cha Kijerumani aina ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihitaji umbo la kutosha mota na betri. Wengine wakafuata.

Plastiki yenyewe ni rahisi. Fedha huzama kwenye kalibu ya chuma, ambamo plastiki iliyoyeyushwa hushindiliwa. Kuichonga ni ghali mno, lakini ikikamilika hufyatua vipande kwa miaka mingi kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mwekezaji asiishie kutazama jina kwenye boksi. Aulize kalibu ziko wapi.

Humbrol ya Hull, Uingereza, ililipia swali hilo mwaka 2006. Iliuza rangi pamoja na modeli za Airfix, lakini modeli hizo zilifyatuliwa Trun, Ufaransa, katika kiwanda cha Heller. Heller ilipoanguka, mali ikakatika. Agosti 31 Humbrol nayo ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wafanyakazi 31 kati ya 41 wakapoteza kazi. Novemba, Hornby ikanunua Airfix na Humbrol kwa pauni milioni 2.6. Kwa majina yaliyozoeleka Uingereza kwa miongo mingi, hiyo ni bei ya kutupa.

Games Workshop ya Nottingham imekwenda njia nyingine. Kifaru cha Panther kiwanda chochote chaweza kukiunda, bali askari wa Games Workshop ni wa kubuni, na hakimiliki ni yake. Huwachora, huwafyatua na kuwauza madukani mwake, na rangi na brashi juu. Rangi huisha, mteja hurudi. Hisa zake ziliingia soko la London mwaka 1994, na Desemba 2024 kampuni ikapanda kwenye kundi la FTSE 100, yaani makampuni 100 makubwa ya soko hilo.

Udhaifu upo. Kumiliki kila hatua ni kubeba kila pigo: Machi 2020, korona ilipoifunga Uingereza, kampuni hiyo ilifunga viwanda, maghala na maduka kwa mpigo.