Nakupenda, ova!

Hivi umeshawahi kugombana na mwenzio kwenye simu, halafu mawasiliano yakakatika kabla hamjapatana? Kama bado, mshukuru Mungu. Mimi yalinikuta Mei 2024.

Mume wangu alikuwa Pune, India, akisoma shahada ya pili. Mimi nipo Dar na mtoto wetu. Ndoa yetu ilikuwa inaishi WhatsApp: mtoto akishalala, tunapigiana simu ya video mpaka macho yanafumba yenyewe. Jumamosi moja akaniambia kuna nafasi ya kubaki kule mwaka mmoja zaidi. Hata sentensi hajaimaliza, nikaruka juu. Naye akapandisha. Nikamkatia simu.

Kesho yake, Jumapili tarehe 12, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika upande wa Afrika Kusini. Bila shaka mnakumbuka tulivyohangaika. WhatsApp ikawa inazunguka tu. Nikanunua vocha, nikapiga simu ya kawaida ya nje ya nchi. Salio lilinipa kama dakika tatu. Unajua tulizitumiaje?

"Mke wangu, nisikilize kwanza."

"Hapana, leo wewe ndo unisikilize!"

Tukaendelea hivyo hivyo, kila mtu akipaza sauti juu ya mwenzake, mpaka salio likaisha.

Wiki mbili baadaye, intaneti imesharudi lakini sisi bado tumenuniana, nilikuwa naandaa mada ya mawasiliano kwa ajili ya kurasa hizi. Ndipo nikakutana na habari za Wamarekani fulani wa kujitolea. Nikasema, haya sasa, dawa yetu hii hapa.

Mtu wa katikati

Wanaitwa waendesha redio wa ridhaa. Usiwachanganye na watangazaji. Ni walimu, mafundi na wastaafu, watu wa kawaida tu, wenye leseni na mitambo ya redio nyumbani kwao, wanaozungumza na wenzao wa nchi nyingine kwa kujifurahisha. Jeshi la Marekani lilianza kushirikiana nao mwaka 1925, na mwaka 1948 ukaanzishwa mfumo ambao hadi leo unajulikana kwa kifupi kama MARS. Lengo lake ni kwamba mawasiliano ya kawaida yakikwama, wawepo watu wa kusaidia. Hawalipwi, na mitambo wananunua kwa pesa zao.

Kazi yao iliyogusa mioyo zaidi ilikuwa wakati wa vita ya Vietnam. Hebu fikiria kijana yuko kambini huko, mkewe yuko Ohio, na barua inachukua siku nyingi kufika. Kijana anapanga foleni kwenye kituo cha redio cha kambini. Mawimbi ya redio yanapanda, yanagonga tabaka la juu la anga, yanashuka Marekani. Huko kuna mtu wa kujitolea mwenye kifaa cha kuunganisha redio yake na simu ya mezani. Anampigia mke, anamweleza masharti, kisha anawaacha wazungumze kwa dakika chache tu, maana foleni ni ndefu.

Barry Goldwater, seneta wa Arizona aliyegombea urais mwaka 1964 akashindwa, alikuwa na kituo cha namna hiyo nyumbani kwake. Watu wa kujitolea walikaa pale kwa zamu, na inaelezwa kwamba simu zaidi ya 200,000 zilipita hapo.

Sharti la ova

Sasa sikiliza utamu wake. Redio zile hazikuweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Ni kama redio kol ya mlinzi wa getini. Ukimaliza unasema "ova", mtu wa katikati anageuza swichi, na zamu inakwenda kwa mwenzio. Ukisema wakati yeye anasema, maneno yako hayafiki popote.

Na siri hakuna! Yule wa katikati anasikia kila kitu ili ajue lini ageuze swichi. Hata mtu baki mwenye redio ya masafa mafupi angeweza kuwasikia. Lakini watu waliambizana hivyo hivyo: mtoto amezaliwa, mama anaumwa, nakupenda, ova.

Siku hizi askari wana intaneti, kwa hiyo kazi hiyo imepungua sana, na tawi la MARS la jeshi la majini lilifungwa mwaka 2015. Lakini jeshi la nchi kavu na la anga bado wana watu hawa, na wanafanya mazoezi ya kuigiza siku ambayo umeme, simu na intaneti vimezimika vyote.

Unaona kama mchezo? Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, na zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ikazima. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba waendesha redio wa ridhaa 50, na zaidi ya 20 wakaenda. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kupeleka nje ya kisiwa taarifa za watu waliosalimika, ili ndugu zao wajue wako hai.

Zamu yetu

Usiku ule nilimpigia mume wangu, nikamwambia leo tunaongea kwa ova. Alicheka kwanza, kisha akaanza. Dakika nne nzima sikutia neno, na haikuwa rahisi! Ndipo nikajua kumbe alikopa kulipia ada, hakuwahi kuniambia, na mwaka ule wa ziada ulikuwa na kazi ya kumlipia deni. Akasema, "Niliona aibu, mke wangu. Ova."

Zamu yangu ikafika. Nikamwambia mtoto akiona simu mezani anaiita "baba". Upande wa pili kimya kirefu, kisha nikamsikia akivuta pumzi. Tukakubaliana abaki miezi sita, siyo mwaka, na deni tutalilipa wote wawili. Alirudi Januari 2025. Mtoto alimkimbia siku tatu nzima, ya nne akalala kifuani kwake.

Basi msomaji wangu, jaribuni na nyie. Mkianza kupandishiana, mmoja aseme mpaka mwisho, atamke "ova", ndipo mwenzie ajibu. Na kama una rafiki anayekaa katikati yenu kuwapatanisha bila malipo, mthamini, ila mkumbushe kazi yake ni kugeuza swichi tu, siyo kuongea.

Mpaka mwezi ujao, pendaneni. Ova.