Kabro Pekee Haizuii Magugu: Jaza Mianya Vizuri

Mvua ndefu zinapokatika, lalama huwa ile ile kuanzia Kangemi hadi Kilimani. Mwenye boma ametumia pesa nyingi kutandaza kabro, na kabla ya msimu wa pili kwisha nyasi zimechomoza kati ya kipande na kipande. Mara nyingi fundi hulaumiwa kwamba hakuweka nailoni chini. Lakini magugu mengi ya kwenye kabro hayatoki chini. Huingia kutoka juu.

Mbegu za nyasi hupeperushwa na upepo, na zile za kishona nguo hung'ang'ania nguo na manyoya ya wanyama. Zikitua kwenye mwanya uliojaa vumbi na majani yaliyooza, tayari zimepata shamba. Nailoni iliyofukiwa chini haiwezi kuzizuia. Isitoshe, nailoni hunasa maji: mchanga ulio juu yake hulowa, husogea, na kabro huanza kudidimia.

Katikati ya jiji hali hii huonekana wazi. Mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila siku, miche hukanyagwa kabla ya kukua. Magugu hustawi kandokando ya kuta na nguzo, pasipokanyagwa wala kufagiliwa.

Andaa ardhi kwanza

Yapo magugu yanayotoka udongoni, na hayo yaondolewe kabla ya kazi kuanza. Ndago huacha viazi vidogo ardhini, na miche yake inaweza kutoboa hata nailoni. Nyasi za kikuyu hutambaa kutoka bustanini. Chimba, ng'oa mizizi na viazi, kisha uvitupe mbali na eneo la kazi.

Ondoa udongo wote wa juu hadi ufikie ardhi ngumu. Sehemu nyingi za magharibi mwa jiji zina udongo mwekundu unaoshindilika vizuri. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, utoe na ujaze maramu.

Kwa njia ya miguu au maegesho ya gari dogo, tandaza maramu au kokoto iliyopondwa na uishindilie kwa mashine hadi ibaki tabaka la sentimita 10 hadi 15. Acha mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita, maji yaelekee mbali na ukuta wa nyumba. Juu yake weka takriban sentimita 3 za vumbi la machimboni, lile ambalo mafundi huliita kwari dasti, na ulisawazishe kwa ubao.

Kabro ya unene wa milimita 60 hutosha magari madogo. Panapoingia malori, tumia ya milimita 80. Mawe ya ukingoni yashikwe kwa zege, la sivyo kabro zitasogea na mianya itapanuka.

Mianya ndiyo mlango

Mianya iwe ya milimita 2 hadi 5. Fagilia ndani yake mchanga safi, mkavu, usio na udongo. Pitisha mashine ya kushindilia, kisha fagilia mchanga mwingine hadi mianya ijae kabisa. Baada ya wiki chache mchanga utakuwa umeshuka, kwa hivyo kubaliana na fundi mapema kwamba atarudi kujaza tena kabla ya kupokea malipo ya mwisho.

Baadhi ya watu hujaza mianya kwa saruji. Saruji hiyo hupasuka magari yakipita, mbegu huingia kwenye ufa, na siku bomba la maji likipasuka chini, kabro haziwezi kuinuliwa na kurudishwa bila kuvunjwa.

Fagia, usimwage oili

Hakuna kabro isiyohitaji ufagio. Fagia angalau mara moja kwa wiki, ili vumbi lisigeuke udongo. Magugu machanga yang'oe baada ya mvua, mizizi ikiwa laini, kisha ujaze mchanga palipobaki wazi. Maji yanayochemka pia huua miche midogo.

Usimwage oili chafu ya gari. Mvua huisomba hadi mtaroni, na kutoka Kilimani na Kileleshwa huingia katika vijito vya Kirichwa vinavyomwaga maji katika Mto Nairobi. Taka ulizofagia pia zizolewe, zisisukumwe mtaroni. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha maji yanavyoweza kugharimu maisha na makazi yanapokosa njia.

Mbele ya lango lako

Nafasi iliyo kati ya lango na barabara kwa kawaida ni hifadhi ya barabara, si sehemu ya ploti yako. Kabla ya kutandaza kabro hapo, pata ruhusa ya kaunti au ya Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA), kulingana na anayesimamia barabara hiyo. Kama hujui ni nani, anza kwa kuuliza katika ofisi ya wadi yako. Hata ukipewa ruhusa, usifunike wala kuziba mtaro: maji utakayoyazuia langoni pako yataingia kwa jirani.