Kalamu za mpingo zilizopasuka Nairobi, na fundi aliyeanza upya

Kalamu sita za wino zilitoka Mwenge, Dar es Salaam, zikiwa zimeviringishwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba wa mama mmoja anayeuza vinyago Nairobi. Zilikuwa za mpingo, nyeusi tii, zimesuguliwa hadi mtu unaona sura yako. Wiki tatu baadaye nne zilikuwa na ufa mwembamba kwenye kifuniko, na moja ilikuwa imetapika wino kwenye begi la mteja. Mama akarudisha pesa za watu, akamrejeshea fundi kalamu zake, na hakusema neno kali hata moja. Fundi anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nilimkuta akiwa amezipasua zote sita kwa msumeno, kwa urefu, kama mtu anayechana samaki, ili aone zilipokosea. Ameniomba nisimtaje jina mpaka kazi ikubali.

Angeweza kujiepushia taabu hii. Yako maduka ya nje yanayouza seti ya kalamu: mirija ya shaba, kifuniko chenye hesi zake, pete, kishikizo na nibu, vyote tayari. Fundi anakereza kipande cha mti juu ya mrija, anaunganisha, kazi imeisha. Tatizo ni kwamba kalamu hiyo umbo lake limeamuliwa na aliyetengeneza seti. Fundi wa Mwenge na fundi wa nchi ya mbali wakinunua seti moja, kalamu zao zitatofautiana rangi ya mti tu. Rangi ya dhahabu ya vile vyuma nayo hufifia kwa jasho la vidole. Na pesa kubwa ya kalamu inabaki kwa mwenye seti.

Kwa hiyo yeye huagiza vitu vitatu tu kutoka nje: nibu, ulimi wake, na konveta, yaani kibomba kidogo cha kuvutia wino. Ulimi ni kile kipande cheusi chini ya nibu chenye mfereji mwembamba. Wino hushuka humo na hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Nibu nzuri za mafundi wadogo duniani nyingi hutoka kampuni mbili za Ujerumani, JoWo na Bock. Hakuna aibu katika hilo. India, ambako K.V. Ratnam wa Rajahmundry alitengeneza kalamu katika miaka ya 1930 wakati wa harakati za kununua bidhaa za nyumbani, na Gandhi akamwandikia barua ya shukrani mwaka 1935, mafundi wengi leo wanakereza mwili wa kalamu kwa mikono yao na kuweka nibu ya Ujerumani.

Kazi huanza kwenye karatasi. Fundi huchora kalamu kwa ukubwa wake halisi, kisha huchora ndani yake kila tundu. Hapa ndipo kalamu inapofia au kuponea, kwa sababu nusu milimita haionekani kwa macho lakini mti unaijua. Shingo, pale vidole vinaposhika, anaipa milimita 10.5. Nibu namba 6 ya JoWo huja na kikombe chenye hesi za milimita 7.4, kwa hiyo shingo inabaki na ukuta wa milimita moja na nusu kila upande. Hapo hapakuwa na shida.

Shida ilikuwa kwenye kifuniko. Alikata hesi za milimita 13 ndani ya kifuniko chenye unene wa milimita 14 kwa nje, maana alitaka kalamu nyembamba ya kupendeza. Fanya hesabu: ukitoa 13 kwenye 14 inabaki moja, ugawanye pande mbili, mti unabaki nusu milimita chini ya hesi. Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari haikuonekana kitu. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu zaidi. Mpingo ukatoa maji yake, ukajikunja, na nusu milimita ile ikaachia. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, lakini ugumu hauuzuii kusinyaa. Watengenezaji wa klarineti wa Ulaya, wanaotumia mti huuhuu, huacha vipande vikauke muda mrefu kabla ya kuvigusa.

Wino uliomwagika una kisa kingine. Kalamu ile haikuwa na konveta. Wino ulijazwa moja kwa moja tumboni kwa kitone. Kutoka pwani hadi Nairobi mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyokuwa ndani ya kalamu iliyojaa nusu ikatanuka kwa kiasi kama hicho, ikausukuma wino nje kupitia nibu. Msafiri wa basi aweke kalamu ya namna hiyo ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Mimi mwenyewe nina shati moja ambalo halikuwahi kupata ushauri huo.

Sasa fundi amebadilisha mchoro. Kifuniko kina unene wa milimita 16.5. Ndani yake amegandisha mrija wa ebonaiti, ule mpira mgumu uliopikwa na salfa, wenye unene wa nje wa milimita 13.5, na hesi za milimita 12 zimekatwa kwenye ebonaiti, si kwenye mti. Mti unabaki na milimita moja na nusu kila upande bila hesi yoyote ya kuudhoofisha. Tumboni pia ameweka ebonaiti, kwa sababu mti ukinywa wino hauusahau. Ebonaiti ikikerezwa inanuka vibaya, majirani wamelalamika.

Hesi zenyewe amezibadilisha. Za kwanza zilikuwa za mstari mmoja, hatua ya milimita 0.8, kwa urefu wa milimita nne mteja alizungusha kifuniko mara tano ndipo kifunguke. Karani ukimwona anafanya hivyo kila anapotaka kuweka sahihi, unajua hatainunua. Tepu na dai za mistari mitatu husogeza milimita 2.4 kwa mzunguko, kifuniko kinafunguka kabla mizunguko miwili haijatimia. Ni vifaa ghali, na alivinunua kabla ya kumlipa mama hata kalamu moja.

Mama naye ana kazi ya kwake. Safari ya kwanza alizichanganya kalamu na vinyago kwenye karatasi moja ya forodha. Kalamu ina fungu lake: 9608.30 kwa kalamu za wino, na 9608.91 kwa nibu zinazoingia pekee. Aina zote za jamii ya mpingo ziko chini ya mkataba wa CITES tangu Januari 2017, lakini marekebisho yaliyoanza Novemba 2019 yanaziachia bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kalamu imo humo kwa raha. Gogo au kipande kisichokerezwa hakimo, na kinahitaji kibali. Msamaha huo nao hauondoi sheria za misitu za nchi unakotoka, hivyo stakabadhi ya mahali mti ulipotoka isikae nyumbani.

Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Afrika Mashariki, kinachogongwa muhuri mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza kabla ya kufunga mzigo, na useme wazi kwamba nibu ni ya Ujerumani. Afisa akiigundua mwenyewe mazungumzo yanakuwa marefu.

Nilipoondoka, kalamu mbili za mchoro mpya zilikuwa kwenye bati juu ya kabati, ndani ya mfuko wa chumvi kavu inayofyonza unyevu. Fundi anataka zikae hapo mwezi mzima, zikauke kuliko Nairobi itakavyozikausha, ndipo azipime tena kifuniko kwa kifuniko. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza. Mteja wake, mwalimu mkuu anayestaafu, ameahidi kusubiri hadi mwisho wa muhula.