Kweli au Si Kweli: Mtoto Asiyeshika Kusoma na Shule Yake

Shule zinapofunga, ripoti za baadhi ya watoto hurudi nyumbani na maneno yaleyale ya muhula uliopita: "Aongeze bidii." Wapo ambao bidii wanayo hadi machozi. Akili zao ni nzima, wanaona na kusikia vizuri, lakini kusoma, kuandika au kuhesabu kunawashinda. Huo ndio ulemavu wa kujifunza, na aina yake inayojulikana zaidi ni disleksia, ya kusoma. Watafiti wengi hukadiria kwamba inawagusa watoto kati ya asilimia 5 na 10. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, kwa hiyo hata darasa lililo ndani ya kiwango lina watoto wawili hadi wanne wa namna hii. Yafuatayo ndiyo yanayosemwa juu yao mitaani na katika ofisi za walimu.

"Mtoto anayefika darasa la nne hajui kusoma ni mvivu, au ni kilaza."

Si kweli. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la tiba kuhusu mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mwerevu, mwepesi michezoni, na hesabu alizimudu. Kusoma tu ndiko kulikomshinda, ingawa alikuwa amefundishwa kwa miaka. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angewapita wenzake wote shuleni. Zaidi ya karne imepita tangu hapo, na bado tunawaita watoto kama Percy majina ya kuwavunja moyo.

"Disleksia ni ya Waingereza. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa."

Si kweli, ingawa hapa kuna jambo la kweli ndani yake. Kiingereza kinamtesa msomaji kwa tahajia zake, na Kiswahili hakina tabia hiyo. Lakini Kiitaliano na Kifini nazo husomwa kama zinavyoandikwa, na disleksia ipo huko. Tofauti ni kwamba katika lugha za namna hii mtoto hakosei sana, anachelewa. Mpe neno "hatukuwaandikia". Ataliendea silabi kwa silabi, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Neno amelimaliza ila hana habari limesema nini. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamwona mtoto huyu.

Kuna na namna nyingine ya kujificha. Darasa la kwanza huimba silabi ukutani, ba be bi bo bu, na mwenye disleksia anaweza kuimba kwa sauti kuliko wote kwa sababu mstari mzima ameukariri. Mwonyeshe "bo" peke yake, nje ya mstari. Utamwona midomo ikicheza kimya, anaanza "ba", anapanda mpaka aifikie. Hajaisoma, ameihesabu. Jaribio hilo halichukui dakika moja, na laiti kila mwalimu wa darasa la kwanza angelifanya kwa kila mtoto.

"Fimbo itamfungua."

Si kweli, na kwa Tanzania si halali pia. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Kushindwa kusoma si utovu wa nidhamu. Kenya ilishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya kusoma hujifunza jambo moja tu: kukwepa kusoma. Ataomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yake inapokaribia.

"Sheria inamlinda."

Kweli. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa 2010.

"Shule zenye kitengo cha elimu maalumu zitamsaidia."

Mara nyingi si kweli. Vitengo vingi vilianzishwa kwa ajili ya wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na walimu wake, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha, wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Mtoto mwenye disleksia hana mahali hapo. Anaonekana mzima mno kwa kitengo, mzito mno kwa darasa la kawaida. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto kielimu tangu 1984, na hata huko ulemavu unaoonekana kwa macho ndio unaotangulia kutambuliwa.

Mitihani nayo ni hivyo hivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na hilo ni jema. Lakini makundi tunayosikia yakitajwa kila mwaka ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Asiyetambuliwa shuleni hataongezewa hata dakika moja. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili, akiwa na maandishi ya hospitali au ya mtaalamu kama anayo.

"Arudie darasa, ataiva."

Si kweli, kama atafundishwa vilevile. Tangu 2015 mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu kusoma hakufundishwi tena, kunatumika. Anayerudia darasa la nne anarudia Sayansi na Hisabati, wakati alichokosa kilibaki darasa la kwanza.

"Bila mtaalamu hakuna la kufanya."

Si kweli, na hili ndilo linalowakatisha tamaa walimu wazuri. Kwanza mtoto apimwe macho na masikio. Kisha, dakika 20 kwa siku na kikundi kidogo: sauti moja, herufi moja, anaitamka huku anaiandika kwa kidole mchangani, halafu anaiunganisha na nyingine. Maswali ya Sayansi aulizwe kwa mdomo, na majibu yake yapewe alama. Asisimamishwe ghafla kusoma mbele ya wenzake; aambiwe jana yake ni aya ipi, ili aende nayo nyumbani.