UFAFANUZI KUHUSU MAFUNZO YA UALIMU NA KURUDI DARASANI: MFANO WA DUMILA, MKOA WA MOROGORO

Watumishi wa umma na wananchi wamekuwa wakiuliza njia ya kufuata kwa mtu aliyekatiza masomo, au mwalimu mwenye cheti cha daraja la chini, anayetaka kuwa mwalimu kamili. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa mfano wa Dumila, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, Tanzania Bara, ulio kwenye njia panda ya barabara ya Morogoro–Dodoma na ile iendayo Kilosa. Miongoni mwa vyuo vya ualimu vya Serikali alivyonavyo mkazi wa Dumila ndani ya mkoa wake ni Ilonga, kilichopo Kilosa, na Chuo cha Ualimu Morogoro, kilichopo Kigurunyembe, chini ya Milima ya Uluguru.

Ieleweke kwamba Zanzibar husimamia elimu ya msingi na sekondari kwa Wizara yake yenyewe, na taratibu zake ni zake. Hata hivyo, fundisho linalopatikana hapa linazihusu pande zote mbili.

1. Asili ya jambo lenyewe

Mwezi Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo Novemba, 1977, badala ya mwaka 1989 uliokusudiwa awali. Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu huko huko vijijini kwa muda wa miaka mitatu. Walifundisha huku wakisoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio, chini ya uangalizi wa walimu wenye uzoefu. Mwishoni walikaa chuoni kwa wiki sita. Vijana zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo, na wananchi wakawaita walimu wa UPE.

Bila ya walimu hao, madarasa mengi ya vijijini yasingefunguliwa. Lakini pia ni kweli kwamba kijana ambaye hakupata masomo ya sekondari alipewa mzigo mzito. Mwalimu asipolielewa vyema somo, hasara humfikia mtoto ambaye hana mwalimu mwingine wa kumwendea.

2. Mwalimu kurudi dawatini

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka Daraja la A, linalotanguliwa na elimu ya kidato cha nne, kuwa kiwango cha chini cha mwalimu wa shule ya msingi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, madarasa yalifurika wanafunzi, na haja ya kuwaendeleza walimu waliokuwa kazini ikazidi. Kwa mwalimu ambaye hakusoma sekondari, safari ilikuwa na hatua tatu:

(a) kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania;

(b) kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea;

(c) kuhudhuria mafunzo ya kumpandisha hadi Daraja la A.

Hatua hizo zilifuatwa na watu wazima wenye familia na mashamba, ambao hawakuacha kufundisha. Mchana walisahihisha madaftari ya wanafunzi, na usiku walifungua ya kwao. Haikuwa jambo jepesi kwa mwalimu wa miaka mingi kuketi katika chumba cha mtihani pamoja na vijana wa umri wa wanafunzi wake. Waliokubali kufanya hivyo waliwatendea haki wanafunzi wao, na hawakustahili kuchekwa na yeyote.

3. Walioacha shule

Kwa kuwa njia ya chuo cha ualimu huanzia kidato cha nne, kurudi shuleni ndiyo hatua ya kwanza ya ualimu kwa aliyekatiza masomo. Tarehe 24 Novemba, 2021, Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, waruhusiwe kurejea katika mfumo rasmi. Kabla ya hapo, msichana aliyejifungua aliweza kujiendeleza kwa njia mbadala tu, nje ya shule yake. Mzazi anayemficha binti nyumbani kwa aibu anamnyima fursa hiyo, na pengine anakinyima kijiji mwalimu wa kesho.

4. Mambo ya kuzingatia

Mwananchi wa Tanzania Bara anayekusudia kufuata njia hii anashauriwa yafuatayo:

(a) Aliyeacha shule, au mzazi wake, amwone Mwalimu Mkuu, Mkuu wa Shule au Afisa Elimu Kata mapema iwezekanavyo.

(b) Mwombaji wa chuo asome tangazo la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia la mwaka husika, kwani sifa za kujiunga zimekuwa zikibadilika. Asitegemee maneno ya kusikia.

(c) Mwalimu aliye kazini aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake kwa maandishi na kupata jibu kabla ya kuondoka kituoni. Anayeondoka bila ya ruhusa huhesabika mtoro, hata kama amekwenda kusoma.

(d) Viongozi wa shule wapange vipindi kwa namna itakayomsaidia mwalimu anayesoma, bila ya kuwaacha wanafunzi peke yao.

Uzoefu wa tangu mwaka 1974 umeonyesha kwamba Taifa linaweza kupata walimu kwa haraka pale inapolazimu, lakini haraka hiyo huacha deni la kuwaendeleza. Deni hilo halimhusu mwalimu peke yake. Linawahusu pia mwajiri anayetoa ruhusa, wenzake wanaomshikia vipindi, na wananchi wanaompa heshima anapoamua kuwa mwanafunzi tena.