Daktari Aliyejenga Chuo cha Walimu

Kila nikirudi kwetu Chwaka naulizwa: "Mwanangu, wasomea udaktari?" Nikijibu ualimu, sura zinabadilika. Basi leo niwaelezee daktari mmoja.

Abdulrahman Al-Sumait, raia wa Kuwait aliyezaliwa 1947, alisomea udaktari Baghdad, akaendelea Liverpool na Kanada. Angeweza kubaki hospitali, maisha yakamwendea vizuri. Lakini alikuja Afrika, akachimba visima na kujenga skuli. Mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal. Mwaka 1998 taasisi yake ikafungua pale Chukwani chuo kikuu cha kusomesha walimu. Alifariki 2013, chuo sasa kina jina lake.

Daktari huyo alijua kuwa hata daktari huanzia kwa mwalimu. Nikiulizwa tena Chwaka, nitajibu bila kuinamisha uso.